Dawa Iliyo Ndani ya Mti

Soma kwanza: 2 Wafalme 4:38-41

Katika habari hii mtu mmoja alitoka kuchuma mboga wakati wa njaa. Akaona matango ya mwitu, akajaza nguo yake, akayakatia sufuriani. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kulisha wenzake. Lakini hakuyajua matango yale, akawaletea hatari ya kufa. Kosa la namna hii lingali katika nyumba zetu, hasa mtoto anapopata homa.

Mungu ameweka nguvu nyingi katika majani, maganda na mizizi. Yatupasa kujua namna ya kuitoa nguvu hiyo bila kumdhuru mgonjwa wala kuiharibu nchi.

1. Moto una kazi mbili

Kila mama wa Masisi anaijua sombe. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Mama huyatwanga vizuri, kisha huyapika muda mrefu, na sumu hutoka pamoja na mvuke. Hapa moto ni rafiki.

Kwa pakanga ya Kichina mambo ni mengine. Huko China, Bibi Tu Youyou na wenzake walitafuta dawa ya malaria katika majani hayo. Walipoyachemsha, nguvu ilipotea. Ndipo aliposoma kitabu cha tabibu wa kale, Ge Hong, aliyeagiza majani yalowekwe majini na kukamuliwa, wala hakutaja kuchemsha. Akafahamu kwamba moto huiharibu dawa. Mwaka 1971 alitumia etha, ambayo huchemka kwa digrii 35 hivi tu, akaipata dawa yenye nguvu. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Vidonge vya malaria tunavyopewa leo katika vituo vya afya vina dawa ya ukoo huo.

2. Ganda la mti wa kinini

Mti wa kinini ulitoka Amerika ya Kusini. Wakati wa Wabelgiji ulipandwa katika Kivu, na huko Bukavu kiwanda cha Pharmakina kilitoa kinini katika maganda yake.

Zamani watu walikunywa unga wa ganda, wala hawakujua wamekunywa kinini kiasi gani, kwa maana ganda moja lina nyingi na jingine lina kidogo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kinini peke yake. Tangu hapo iliweza kupimwa.

Wewe nyumbani una kikombe, lakini huna mizani ya kupima kinini iliyomo ndani ya maji ya ganda. Ikipungua, malaria hubaki. Ikizidi, masikio huvuma, macho yaweza kupofuka, sukari ya damu hushuka, na mwendo wa moyo huharibika.

3. Tusiue mti

Katika Kivu Kaskazini kuna mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Maganda yake huuzwa Ulaya kwa dawa ya wanaume wazee wanaokojoa kwa shida. Mwenye tamaa humenya shina kulizunguka lote. Mti hufa, kwa sababu chakula chake hupita chini ya ganda. Mwenye akili humenya pande mbili zinazoelekeana, huacha mbili nyingine, tena hungoja miaka mpaka ganda liote. Tangu 1995 biashara ya mti huu iko chini ya mapatano ya mataifa.

Viwanda navyo vina wajibu. Dawa kali za kuvutia nguvu ya mimea zisimwagwe mtoni. Viwanda vingine hutumia maji, au pombe kali itokayo katika mimea, au hewa ya kaboni iliyokandamizwa hata ikawa kama maji. Hewa hiyo ikifunguliwa huruka, wala haiachi sumu ndani ya dawa.

4. Nyumbani kwako

Mushaki ni baridi, na mbu si wengi. Lakini watu hushuka Walikale na kurudi na malaria. Mtu wa milimani hakuizoea, nayo humshika kwa nguvu. Basi:

– Mtoto akipata homa, mpeleke apimwe damu siku ile ile.
– Usimpe maji ya ganda wala chai ya pakanga mahali pa dawa.
– Akishikwa na degedege, akitapika kila kitu, akikataa kunyonya au akizimia, usingoje asubuhi.
– Kama amekwisha kunywa dawa ya majani, mwambie muuguzi bila kuona haya. Akijua, hatamwongezea kinini juu ya kinini.

Wale watu wa Elisha walipoonja chakula hawakunyamaza kwa kumwonea haya mpishi. Walipiga kelele mara moja, wakasaidiwa. Sisi nasi tufanye hivyo.

Maswali

1. Kwa nini moto hufaa sombe, lakini huharibu pakanga?
2. Ganda la kinini likichemshwa nyumbani, kwa nini hatuwezi kujua kipimo chake?
3. Utamwambia nini jirani anayeficha dawa aliyompa mtoto?