Joto Chini ya Zulia: Jinsi ya Kuchagua Hita ya Umeme Iliyo Salama

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi huwa kali katika nyanda za juu za Kenya. Wakaao Limuru, Molo, Nyahururu na Kinangop waijua vizuri, na hata Nairobi watu huamka wakajifunika makoti. Sakafu ya saruji huwa baridi mno, na miguu ndiyo itaabikayo kwanza. Wengi huingiza jiko la makaa chumbani. Lakini makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuwaua watu usingizini.

Kwa hiyo wenye umeme majumbani hutafuta joto lisilo na moshi, na wengine hupenda hita ya kutandikwa chini ya zulia. Nia hiyo ni njema. Lakini mtu akichagua vibaya, ataondoa hatari ya sumu na kuleta hatari ya moto. Somo hili laeleza namna ya kuchagua.

KWA NINI KUFUNIKA NI HATARI

Umeme upitapo katika waya wa hita, waya hupata joto. Joto hilo likiwa na njia ya kutoka, waya hufikia kiasi fulani cha joto na kukaa hapo. Njia ikizibwa, joto huzidi kupanda. Ni kama pipa lenye tundu, ambalo maji huingia juu na kutokea chini. Tundu likiwa wazi, pipa halifuriki. Ukiliziba, litafurika ijapokuwa hukuongeza maji. Zulia ni kama kizibo cha tundu hilo.

Basi swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei wala ukubwa, bali hili: Je, chombo hiki kilitengenezwa ili kifunikwe?

VYOMBO VISIVYOFAA

Hita ya waya mwekundu, hita ya feni na hita ya mafuta zote hutegemea hewa kuchukua joto lake. Zisifunikwe kwa zulia, nguo wala blanketi.

Blanketi la umeme pia halifai. Lilitengenezwa kwa ajili ya kitanda, si kukanyagwa. Likikanyagwa kila siku, nyaya zake hukunjika na kukatika, na pale zilipokatika cheche huweza kuruka.

Ziko pia nyaya za kupasha sakafu joto, ambazo fundi huzifukia katika saruji au chini ya vigae. Hizo zisilazwe ovyo chini ya zulia, maana ni ile sakafu inayozizunguka ndiyo inayosambaza joto lake.

Kinachofaa ni mkeka wa umeme uliotengenezwa mahsusi kuwekwa chini ya zulia. Vyombo vya namna hii vina kanuni zake za kimataifa za usalama, zenye nambari IEC 60335-2-106. Nambari hiyo itafutwe katika karatasi ya maelezo. Tena itafutwe alama ya shirika la kukadiria ubora wa bidhaa nchini, yaani KEBS. Chombo kisicho na jina la mtengenezaji, wala wati, wala volti, kiachwe dukani hata kikiwa rahisi.

SOMA VOLTI NA WATI

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Ule wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120. Mtu aweza kuona mkeka mzuri uliotumika, ulioletwa kutoka nchi hizo, akafurahia bei yake. Na ajihadhari! Volti zikiwa mara mbili, nguvu ya joto haiwi mara mbili tu, bali mara nne. Mkeka wa wati 300 uliotengenezwa kwa volti 120, ukichomekwa katika volti 240, utavuta kama wati 1,200. Huo si mkeka tena, ni jiko chini ya zulia.

Sasa tutazame wati. Mkeka wenye urefu wa meta 2 na upana wa meta 1 una eneo la meta 2 za mraba. Ukiwa ni wa wati 300, kila meta ya mraba hupata wati 150. Hilo ni joto la polepole lililoenea. Hita ya waya mwekundu yaweza kuwa na wati 2,000 katika mahali padogo mno.

Tofauti hiyo huonekana pia katika gharama. Mkeka wa wati 300 ukiwaka saa 5 hutumia uniti 1 na nusu za umeme. Hita ya wati 2,000 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 10. Hata hivyo mnunuzi asidanganyike: mkeka huo hupasha joto miguu na mahali watu waketipo, wala hautoshi kuondoa baridi katika chumba kizima.

VIZUIZI VYA HATARI

Mkeka mwema una thamostati, yaani kifaa kinachoukata umeme joto likifika kiasi kilichowekwa. Yafaa uwe pia na kinga ya pili, ya kuukata umeme thamostati ikiharibika, na saa ya kuuzima wenyewe mtu akisahau. Fyuzi ya plagi nayo iangaliwe. Kwa desturi, chombo kisichozidi wati 700 hutiwa fyuzi ya ampea 3. Ukitia ya ampea 13, waya mwembamba waweza kuungua kabla ya fyuzi kukatika.

Ni vema pia nyumba iwe na swichi ya usalama ya miliampea 30, ambayo hukata umeme mara unapovuja. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni.

ZULIA NA SAKAFU

Zulia ni nusu ya chombo. Lichaguliwe jembamba, tena lipana kuliko mkeka. Zulia lenye manyoya marefu, au lililobandikwa mpira au sponji chini yake, halifai, kwa kuwa huzuia joto lisitoke. Sakafu iwe kavu na sawasawa. Sakafu yenye unyevu haifai kabisa, na ile iliyofunikwa kwa plastiki yaweza kulainika na kuharibika.

Juu ya zulia hilo kusiwekwe godoro, mito wala kochi lililokaa chini moja kwa moja, maana hivyo ni vizibo vingine. Miguu ya meza nzito isikandamize nyaya. Mkeka usikunjwe, usikatwe, wala usipigiliwe misumari. Waya wa plagi usipitishwe chini ya zulia, kwa sababu ukichubuka hakuna atakayeuona. Uchomekwe katika soketi ya ukutani, si katika waya wa kuunganishia wenye vyombo vingine.

WATU WA KUANGALIWA

Mtoto mchanga asilazwe juu ya mkeka huo. Mwenye ugonjwa wa kisukari, au mzee ambaye miguu yake imepungua hisia, aweza kuungua polepole bila kusikia maumivu. Hao wapashwe joto kwa soksi na blanketi la kawaida.

Kabla ya kupiga deki au kulala, zima swichi na uchomoe plagi. Kila juma funua zulia utazame. Ukiona doa la kahawia au ukisikia harufu ya kuungua, usiutumie tena. Moto ukitokea, kata kwanza umeme katika swichi kubwa ikiwa waweza kuifikia salama. Usimwage maji juu ya chombo chenye umeme. Moto ukiwa umeenea, watoe watu wote nje kwanza.

MASWALI YA KWENDA NAYO DUKANI

1. Je, mkeka huu ulitengenezwa ili ufunikwe kwa zulia?
2. Ni wa volti 240, au wa nchi nyingine?
3. Una wati ngapi kwa kila meta ya mraba?
4. Ni kitu gani kitakachouzima joto likizidi?
5. Je, zulia langu na sakafu yangu vyaufaa?

Muuzaji akishindwa kujibu, na karatasi ya maelezo nayo isijibu, rudi nyumbani na fedha zako. Baridi ya usiku mmoja yavumilika, lakini nyumba iliyoungua haijengwi kwa usiku mmoja.