Mkono Huanza Safari Kabla Akili Haijamaliza Kupima



Wengi wetu hudhani kwamba akili huamua kwanza, kisha mkono hutii. Somo letu la leo linaonyesha kuwa mambo hayaendi hivyo kila mara.

Mwaka 2005, Michael Spivey wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walieleza jaribio hili: mwanafunzi anaona picha mbili kwenye kompyuta, anatajiwa moja, naye anaibofya kwa kipanya. Majina ya picha yalipoanza kwa sauti zinazofanana, kama "kiatu" na "kiazi" kwetu, mkono ulipinda kidogo kuelekea picha isiyotajwa, ndipo ukafika penye jibu. Mkono ulikwisha kuondoka, na akili ilikuwa bado inapima.

Mwaka 2009, Arbora Resulaj, Roozbeh Kiani, Daniel Wolpert na Michael Shadlen walichapisha utafiti mwingine katika jarida la Nature. Watu walitazama nukta zinazotembea, wakasogeza mpini upande wa kushoto au kulia kuonyesha zinakoelekea. Nukta zilizimwa mara tu mkono ulipoanza kusogea. Hata hivyo, mara chache mkono uligeuka katikati ya njia. Kwa nini, na hakuna kipya kilichoonekana? Kwa sababu macho yalikwisha kuona zaidi ya kile kilichotumika kuamua. Habari hiyo ilikuwa bado njiani. Na kugeuka huko kulirekebisha makosa mara nyingi kuliko kuharibu jibu sahihi.

Tahadhari: vipimo hivi vilichukuliwa kwa mashine, kwa majaribio mengi. Asije mtu Wandegeya akadai anasoma yaliyomo moyoni mwako kwa kutazama mikono yako.

Sasa mitihani inakaribia. Katika maswali ya kuchagua, huwa tunaambiana: jibu la kwanza ndilo sahihi, usilifute. Tafiti za miaka mingi kuhusu mitihani zimeona kinyume: majibu yanayobadilishwa, mengi hutoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi. Kwa hiyo usibadilishe kwa hofu tu. Lakini ukirudia swali na ukaona sababu ya kubadilisha, futa jibu la kwanza bila wasiwasi. Tena bakiza dakika chache mwishoni kwa kazi hiyo.