Kabla ya kuhamia Ruiru au Thika, uliza maji na saa za kulala

Msomaji, je, umechoka na Nairobi? Huenda unaishi katika vyumba viwili kule Umoja au Pangani, kodi inapanda, kelele za baa hazikupi usingizi, na watoto hawana pa kuchezea ila kwenye ngazi za ploti. Mwenzako kazini amekuambia kwamba kwa pesa hizo hizo utapata nyumba kubwa zaidi Ruiru, na ukivumilia kufika Thika utapata na kijishamba cha sukuma wiki. Hajakudanganya. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu 490,120 Ruiru, zaidi ya mara mbili ya waliohesabiwa 2009, na 251,407 Thika. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, imewavuta wengi wao, na mahali palipokuwa na mikahawa leo pana ploti za futi 50 kwa 100.

Shida ni kwamba wengi wetu tunapohama huhesabu kodi na nauli peke yake. Mwili nao una hesabu yake, na katika safari hii ya kutoka jijini kwenda vitongojini, hesabu hiyo huanzia kwenye mfereji.

Maji ya bomba ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka milima ya Aberdare, hasa bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, lililokamilika 1994. (Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuhama jiji, akausogelea mto huo, halafu akakosa kuyanywa maji yake!) Mitaa mingi mipya ya Ruiru, Juja na viunga vya Thika imejengwa upesi kuliko mabomba yalivyotandazwa, kwa hivyo wapangaji hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Maji hayo hutoka yakiwa meupe, baridi na matamu. Lakini miamba ya sehemu hizi ni ya volkano, na maji yanayokaa ndani yake kwa miaka mingi huyeyusha madini yaitwayo floridi.

Floridi kidogo hulinda meno. Ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika kila lita moja ya maji ya kunywa, na vipo visima katika maeneo ya Nairobi na Kiambu vinavyopita kiwango hicho. Anayeumia kwanza ni mtoto. Tangu kuzaliwa hadi afikishe takriban miaka minane, meno yake ya ukubwani huwa yanajengeka ndani ya taya. Floridi ikiwa nyingi wakati huo, meno huota yakiwa na mabaka meupe kama chaki, ambayo baadaye hugeuka rangi ya kahawia. Yakiathirika sana huwa na vishimo na kumeguka. Huo si uchafu, na hakuna mswaki utakaouondoa. Mtoto ataambiwa na wenzake shuleni kwamba hapigi mswaki, naye atajifunza kucheka akiwa amefumba mdomo.

Wewe mtu mzima ukihamia huko meno yako hayabadiliki, kwa sababu yalikwisha kujengeka. Ndiyo maana wazazi wengi husema maji hayana neno. Hata hivyo, kunywa floridi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kudhuru mifupa na viungo vya mtu mzima pia.

Hapa pana kosa moja ambalo ni lazima lisemwe waziwazi. Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki kwenye sufuria, na kipimo chake katika kila kikombe huongezeka. Dawa ya klorini nayo haisaidii kitu kwa jambo hili.

Basi utajuaje? Kabla ya kulipa diposti, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe cheti cha maabara cha maji ya kisima chake, na usome mstari wa floridi. Akisema hana, chukua maji kwenye chupa safi uyapeleke maabara mwenyewe. Ni nafuu kuliko matibabu ya meno. Aidha, fika mtaani jioni watoto wakicheza. Watazame wale wa miaka minane hadi kumi na miwili waliokulia hapo, hasa meno ya mbele. Watakujibu bila kuulizwa.

Ikiwa umekwisha kuhamia na maji yana floridi, huna haja ya kuhama kesho. Tumia maji ya kisima kwa kuoga, kufua na kupiga deki. Ya kunywa, ya uji na ya kupikia yawe ya bomba la kampuni ya maji au ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi na kuchemshwa. Huko Nakuru watu wamechuja floridi kwa mkaa wa mifupa, ingawa mkaa huo lazima ubadilishwe kila unapochoka. Punguza magadi kwenye mboga na githeri, kwani yana floridi nyingi, na usimpe mtoto mdogo chai ya majani kila asubuhi. Dawa ya meno ya mtoto wa chini ya miaka mitatu isizidi ukubwa wa punje ya mchele.

Jambo jingine kuhusu maji hayo ni choo. Pasipo mabomba ya maji taka, kila ploti huwa na shimo au tangi lake chini ya ardhi. Kanuni ya kawaida ni kwamba choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima. Sasa piga hesabu: futi 50 kwa 100 ni takriban mita 15 kwa 30. Hata mwenye nyumba wako akiwa mwangalifu kiasi gani, jirani ng'ambo ya ua anaweza kuwa amechimba choo mita kumi kutoka kisimani. Mlipuko wa kipindupindu ulipotangazwa Oktoba 2022, Kiambu ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuathirika. Chemsha maji ya kunywa, hata yakiwa meupe namna gani.

Tugeukie usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku, na mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Tuseme umehamia Ngoingwa, Thika, kazi yako bado iko katikati ya jiji, na watoto umewaacha katika shule yao ya Nairobi. Basi la shule linapita saa kumi na moja alfajiri, hivyo mtoto ameamka saa kumi na nusu. Ili apate saa tisa tu alipaswa kulala saa moja u nusu jioni, nawe saa hiyo ungali kwenye matatu ukingoja magari yasogee pale Githurai. Ama mtoto hakuoni siku tano kwa wiki, ama anakungoja na kwenda kusinzia darasani. Kwa maoni yetu, anayehama na ahamishe shule pia. Asiyeweza, afadhali avumilie vyumba viwili vya Umoja.

Thika yenyewe haina kosa. Ni mji kamili wenye viwanda, masoko na shule, na mtu anayefanya kazi hapo hapo na kwenda kazini kwa miguu kutoka Makongeni ana maisha bora kuliko wengi wa Nairobi. Anayeumia ni yule anayekaa kitini saa nne kila siku kwenda na kurudi, kwani kukaa hivyo bila mazoezi huchangia shinikizo la damu na kisukari. Huyo na ashuke steji moja kabla ya yake, atembee.

Wenye pumu wasidhani vumbi la barabara za murram na la machimbo ya mawe ya Ndarugo ni afadhali kuliko moshi wa jiji. Chagua nyumba iliyo mbali kidogo na barabara, na mbali na mahali panapochomewa takataka.

Mwisho, hospitali. Thika kuna Level 5, Ruiru kuna Level 4, na tangu 2019 hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko Kahawa West imepunguza safari za kwenda Kenyatta. Lakini nyingi za ploti mpya ziko kwenye udongo mweusi, na mvua ya Aprili ikinyesha gari halipiti. Ikiwa nyumbani kuna mjamzito au mtoto mchanga, fanya safari hiyo mara moja usiku kabla ya kuhama, kutoka mlangoni hadi lango la hospitali, na uandike ukutani nambari ya simu ya dereva mmoja aliyekubali kuamshwa saa nane za usiku.