Moyo Ulioinuka

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 17:14–20; Danieli 4:19–37; Matendo 12:20–23; Yohana 13:3–5; 3 Yohana 9–11.

Fungu la kukariri: Mithali 16:18

SABATO MCHANA

Wanasaikolojia huita narsisizimu ile tabia ya mtu anayejiona mkuu kuliko wote, mwenye kiu ya kusifiwa, asiyeguswa na maumivu ya wengine wala kuvumilia kusahihishwa. Kumpima mtu na kutamka kwamba ana tatizo hilo ni kazi ya wataalamu, si ya darasa la Shule ya Sabato. Lakini tabia yenyewe Biblia inaijua tangu zamani: ni moyo ulioinuka. Juma hili tutaona jinsi moyo huo unavyoiumiza nchi ukikaa ikulu, na jinsi unavyoweza kukaa hata katika kiti kidogo.

JUMAPILI: Njaa ya Watu wa Tiro

Soma Matendo 12:20–23. Kwa nini watu wa Tiro na Sidoni walitaka amani na Herode?

Mara nyingi tunakimbilia mwisho wa mfalme aliyeliwa na chango, tukalipita fungu la 20. Chakula cha watu wale kilitoka katika nchi ya mfalme, naye alikuwa amewakasirikia. Basi alipovaa mavazi ya kifalme na kuhutubu, umati ulipaza sauti kumsifu kama mungu. Huenda wengi hawakuamini walichokisema, lakini Herode alikipokea. Kiburi cha mtawala hulishwa na hofu na njaa ya wanaomzunguka.

JUMATATU: Kagera, 1978

Idi Amin alitwaa madaraka Uganda kwa mapinduzi tarehe 25 Januari 1971. Vyeo vikaongezeka: Fildimashali, Rais wa Maisha, Daktari, hata Mshindi wa Dola ya Uingereza. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Septemba 1977 alipiga marufuku makundi 27 ya dini, Kanisa la Waadventista wa Sabato likiwamo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Tanzania, na Novemba akatangaza kwamba nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Anayetoka Chonyonyo kwenda Bukoba hupita Kyaka, ambako daraja la mto huo lililipuliwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaporwa, maelfu wakakimbia makwao. Vita ilikuwa na sababu zaidi ya moja, yakiwamo maasi ndani ya jeshi lake mwenyewe. Lakini mtawala asiyekubali kushindwa nyumbani hutafuta ushindi kwa jirani.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Aliyejiita Rais wa Maisha alikimbia, akafa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Linganisha na Danieli 4:30–33.

JUMANNE: Anayesema Kweli

Soma Danieli 4:19, 27. Danieli alimwonyaje mfalme?

Danieli hakufurahia hukumu iliyokuwa ikimjia Nebukadreza, alifadhaika. Kisha akamwambia waziwazi aache dhambi na kuwahurumia maskini. Hakumsifu, wala hakumtukana.

Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Amin kupinga mauaji ya watu. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa; serikali ikasema ni ajali ya gari. Nebukadreza mwishowe aliinua macho yake mbinguni, akarudishiwa akili. Amin alimnyamazisha aliyemwonya. Msema kweli hana hakika ya kupokelewa, lakini kumwonya mtawala ni kumpenda kuliko kumshangilia.

JUMATANO: Dawa ya Torati

Soma Kumbukumbu la Torati 17:16–20. Mfalme aliwekewa mipaka gani?

Asijizidishie farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu. Tena ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Angalia neno hilo, "ndugu". Mfalme ni ndugu aliyepewa kazi. Basi tunapochagua viongozi wa kijiji au wa taifa, tusiulize tu anaahidi nini. Tuulize pia: ni nani anayeweza kumwambia "hapana", naye akasikia?

ALHAMISI: Diotrefe Hakuwa na Jeshi

Soma 3 Yohana 9–11. Diotrefe hakuwa na ikulu, alikuwa kanisani. Alipenda kuwa wa kwanza, akawafukuza waliowapokea ndugu. Roho hiyo yaweza kukaa kwa mzee wa kanisa asiyetaka hesabu zikaguliwe, au kwa baba ambaye nyumbani hakuna anayethubutu kumjibu. Nasi huwa watu wa Tiro tunaposema "sawa, mzee" huku moyo unakataa, kwa sababu tunahitaji mkopo, shamba au cheo.

Sasa soma Yohana 13:3–5. Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, ndipo akatwaa kitambaa na kuwatawadha wanafunzi miguu. Aliyejua yeye ni nani hakuhitaji kushangiliwa.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Waulizeni wazee wa kundi lenu wanaikumbukaje vita ya 1978–1979. Kiburi cha mtu mmoja kiliwagharimu nini watu wasiomjua?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumheshimu kiongozi (Warumi 13:7) na kumlisha sifa?

3. Kamati ya uteuzi ya kanisa lenu ikikaa, itamtambuaje mtu anayependa kuwa wa kwanza?

4. Mara ya mwisho uliposahihishwa na mtu aliye chini yako, ulimjibuje?