Uvuvi wa Nzi wa Bandia Katika Mto Test

Katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza, upo mto uitwao Test. Maji yake hutoka katika chemchemi za vilima vya chaki, jamii ya ile iandikiwayo shuleni, nayo ni maangavu hata kokoto za chini huonekana. Humo huishi samaki aitwaye trauti, wa nasaba ileile iliyoletwa Kenya mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare.

Tangu katikati ya Mei hadi majuma ya kwanza ya Juni, mdudu waitaye nzi wa Mei hutoka majini kwa maelfu. Huyu si nzi wa nyumbani: mabawa yake husimama kama tanga, na mkia wake una nyuzi tatu. Buu lake hukaa matopeni yapata miaka miwili. Siku yake ifikapo, hupanda juu, ngozi hupasuka, na mdudu huelea juu ya maji hata aweze kuruka kwenda majanini. Huko hujivua ngozi mara ya pili, jambo lisilofanywa na mdudu wa jamii nyingine yoyote aliyekwisha kuota mabawa. Tangu hapo hali kitu. Majike hutaga mayai majini, kisha huanguka wamekufa, mabawa wameyatandaza.

Waingereza huyaita majuma hayo majuma mawili ya mvuvi mjinga, kwa kudhani kuwa hata asiyejua atapata. Jina hilo limewadanganya wengi. Trauti hula mabuu, hula waeleao, hula waliokufa. Lakini mara nyingi kwa saa nzima hushika aina moja tu na kuziacha nyingine. Basi mvuvi na akae kwanza ukingoni atazame. Mgongo wa samaki ukivunja maji, na mdudu aliye juu asiguswe, buu ndilo linaloliwa. Pua ikitokeza na mdudu akatoweka, aliwaye ni yule aeleaye. Na jioni, samaki anyonyapo polepole bila kishindo, anaokota maiti.

Kosa la pili ni la mshipi. Nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa juu ya ndoano, sharti aende kwa mwendo uleule wa maji. Mkondo ukiuvuta mshipi, nzi hukwaruza maji kama mtumbwi mdogo, na trauti mkubwa hushtuka akajificha. Kwa kuwa samaki huelekeza kichwa mkondo utokako, mvuvi husimama nyuma yake, akamtupa nzi mbele yake kidogo, mshipi ukiwa umelegea.

Bwana Frederic Halford, aliyeandika kitabu juu ya nzi waeleao mwaka 1886, hakupenda mwingine. Bwana Skues, mwanasheria, alimtetea nzi azamaye katika kitabu cha mwaka 1910. Mabishano hayo hayajaisha, na sehemu kadha wa kadha za mito ya chaki hukataza nzi azamaye kabla ya Julai.

Lakini nzi yupi atupwe si neno, ikiwa wa kweli hatoki. Sumu ya mashamba au maji machafu ya mji yakiingia mtoni leo, pengo laweza kuonekana Mei ya mwaka wa pili. Ndiyo maana wavuvi wa huko huingia majini kila mwezi, wakakoroga kokoto kwa miguu, wakakinga wavu, wakahesabu mabuu.