Diwali bila maziwa: mithai ni rahisi, vitamini B12 ndiyo kazi

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba maduka ya Wahindi mjini Kisumu hupambwa kwa taa, na masanduku ya vitamutamu viitwavyo mithai huanza kupita kutoka nyumba moja hadi nyingine. Wengi wetu wa pande hizi za ziwa tumevionja, ama kwa jirani ama kwa mwajiri. Jambo ambalo huenda hukulitambua ni kuwa karibu kila kipande ulichokitafuna kilikuwa na maziwa ndani yake. Penda ni maziwa yaliyochemshwa kwa moto wa polepole mpaka yakawa donge. Barfi nyingi ni vivyo hivyo. Shrikhand ni mtindi uliochujwa maji yake yote. Mohanthal ni unga wa dengu, lakini umeloa samli.

Sasa wapo wanaotaka kuisherehekea Diwali bila tone la maziwa. Baadhi yao ni watu ambao tumbo huwavimba na kunguruma kila wanapoyanywa, na hao ni wengi kuliko unavyodhani: takriban watu wazima wawili kati ya kila watatu duniani wamepungukiwa na kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Lakini wanaonijia na maswali mengi zaidi ni Wajaini, na sababu yao ni ya dini. Nitazungumza nao kwanza, ingawa msomaji yeyote aliyeacha maziwa na samaki atapata lake hapa.

Wengi wa Wajaini wa Kenya ni Waoshwal, ambao asili yao ni vijiji vya Halar, karibu na Jamnagar katika Gujarat. Walianza kuja mwishoni mwa karne ya 19, na reli ilipofika ziwani mwaka 1901, biashara nazo zikafuata. Kwao Diwali ni ukumbusho wa Mahavira kupata ukombozi wake, ambao kwa hesabu ya mapokeo yao ulitokea mwaka 527 kabla ya Kristo. Nguzo ya dini yao ni kutodhuru kiumbe. Hawali nyama, samaki wala mayai. Asali pia hawaigusi. Wanaoshika sana huacha vitunguu, vitunguu saumu, viazi na kila kinachong'olewa na mizizi yake, na huhakikisha wamemaliza kula kabla jua halijatua. (Njugu karanga, licha ya kukua chini ya ardhi, huruhusiwa, kwa kuwa huhesabiwa kuwa mbegu na si mzizi. Niliuliza.)

Maziwa yaliruhusiwa tangu jadi, kwa hoja kwamba ng'ombe alikamwa baada ya ndama kushiba. Vijana wa leo wanauliza kama ndivyo ilivyo katika mashamba ya biashara, ambako ndama dume hana kazi na mara nyingi huishia kichinjioni. Ndiyo sababu baadhi yao, hasa waliosoma Uingereza na Amerika Kaskazini, wamekuwa vigani. Neno hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 kumwita mtu asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama.

Kina nyanya zao hushtuka na kusema huo ni uzungu. Mimi si mwalimu wa dini, lakini yafaa ikumbukwe kuwa Wajaini wana funga yao ya kale iitwayo ayambil, ambayo huzuia maziwa, mtindi, samli, mafuta, sukari na viungo. Hufanywa kwa siku tisa mara mbili kwa mwaka, na ile ya pili humalizika kiasi cha majuma mawili kabla ya Diwali. Kwa hiyo kumaliza siku kadhaa bila maziwa si jambo geni katika nyumba hizo. Lililo geni ni kumaliza miaka.

Maziwa yalikuwa yakifanya kazi gani?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Vitamini B12 haitengenezwi na mmea wowote. Hutengenezwa na bakteria, nasi tunaipata kwa kula nyama, samaki, mayai na maziwa. Mwili huitumia kuunda damu na kulinda ala ya mishipa ya fahamu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, mjamzito 2.6 na anayenyonyesha 2.8. Glasi ya maziwa ya robo lita ina takriban mikrogramu moja.

Mvuvi wa hapa Usenge ambaye tumbo lake halitaki maziwa hapungukiwi. Bakuli moja la omena, ambao tunawala pamoja na mifupa yao, humpa B12 na madini ya kalsiamu kwa wingi. Hata wale Waadventista wa pande za ziwa wasiokula nyama wala samaki, wengi wao hunywa maziwa na kula mayai. Lakini Mjaini alikwisha kuifunga milango yote isipokuwa huo mmoja wa maziwa. Akiufunga na huo, hana pengine pa kupitia.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huagiza unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezewe vitamini na madini, B12 ikiwemo. Hilo ni jambo jema, lakini usilitegemee. Kiasi chenyewe ni kidogo, na unga uliosagiwa kwenye kinu cha mtaani hauna nyongeza yoyote. Usitegemee pia uji uliochachushwa wala unga wa mwani wa spirulina, hata kama muuzaji ataapa. B12 iliyomo kwenye spirulina kwa sehemu kubwa ni ya bandia, na mwili hauwezi kuitumia.

Tatizo la upungufu huu ni kwamba hauna haraka. Ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Mtu huacha maziwa, akapungua uzito kidogo, akajisikia mwepesi, akawasifia wenzake. Mwaka wa kwanza hana neno. Wa tatu au wa nne huanza uchovu, ulimi kuwa mwekundu na laini, ganzi miguuni, usahaulifu, hasira zisizo na sababu. Na tena asidi ya foliki, iliyo tele katika mboga za majani na dengu, huweza kuificha dalili ya upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha damu hakitoshi.

Nikupe mfano. Mwenye duka mmoja wa Kisumu, mwenye umri wa miaka 61, aliniambia kuwa kandambili zilikuwa zikimvuka mguuni naye asijue mpaka mteja amwonyeshe. Alikuwa na kisukari na alikuwa akitumia metformini kwa miaka saba. Nyumbani wote walikwisha kukubali kuwa ni kisukari kimefika miguuni. Lakini alikuwa ameacha maziwa miaka mitatu nyuma, pamoja na binti yake. Tulipima B12, ikawa chini mno, ilhali damu yake ilikuwa karibu na kawaida. Alipochomwa sindano za B12, usahaulifu ulipungua baada ya majuma machache. Ganzi ilichukua miezi, na haikuisha yote.

Ninasimulia haya kwa sababu metformini yenyewe huzuia B12 isifyonzwe vizuri tumboni. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, hufanya vivyo hivyo zikitumiwa kwa muda mrefu. Kisukari nacho huwapata watu wenye asili ya Bara Hindi mapema na kwa wingi kuliko jamii nyingine nyingi. Ukijumlisha kisukari, metformini na meza isiyo na maziwa, umepata mtu ambaye ganzi yake itasingiziwa sukari mpaka muda wa kumtibu upite.

Hatari kubwa zaidi ni ya mtoto mchanga. Mama anayenyonyesha ambaye hana B12 hutoa maziwa yasiyo na B12. Kati ya miezi minne na minane mtoto aliyekuwa akicheka huacha kucheka, shingo hulegea, na alichokuwa amejifunza hukisahau. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Na mtoto asiyenyonya, kabla ya mwaka mmoja, asipewe tui la nazi wala maji ya lozi badala ya maziwa. Ipo fomula ya soya iliyotengenezewa watoto, nayo itumiwe kwa ushauri wa daktari.

Mithai yenyewe

Baada ya kukutisha, nikupe furaha. Kutengeneza mithai bila maziwa ni rahisi, na sehemu ya kazi hiyo ilikwisha kufanywa zamani. Chikki ni njugu karanga na sukari nguru tu. Vidonge vya simsim na sukari nguru Wagujarati wamevila vizazi kwa vizazi. Kaju katli ni korosho na sukari, na samli yake ni kijiko kimoja kinachoweza kuachwa. Barfi ya nazi hushikana vizuri kwa tui.

Hapa ziwani tuna bahati ya simsim, njugu na wimbi sokoni, na sukari nguru kutoka ukanda wa miwa. Jaribu hivi. Kaanga kikombe kimoja cha unga wa wimbi kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka unukie. Kaanga vikombe viwili vya simsim visivyokobolewa, kisha twanga nusu yake. Saga kikombe kimoja cha njugu zilizokaangwa mpaka zianze kutoa mafuta. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari nguru iliyopondwa kwa vijiko vitatu vikubwa vya maji, ichemke mpaka ivutike kama uzi. Tia iliki, changanya vyote, finyanga madonge kiasi cha 30 kabla havijapoa. Ukichelewa vitakuwa mawe.

Mafuta ya njugu ndiyo hushika nafasi ya samli. Wengine hutumia mafuta ya nazi, lakini hayo huyeyuka joto likipita nyuzi 24 hivi, na kwa joto la Kisumu mithai yako italala kwenye sahani kama uji. Isitoshe, mafuta ya nazi yana mafuta mazito yanayopandisha kolesteroli, tena mengi kuliko hata samli. Mbaya zaidi ni mafuta magumu yaliyogandishwa kiwandani, ikiwa yametengenezwa kwa namna inayoacha mafuta aina ya trans. Soma karatasi ya kopo. Kuwa chakula hakina maziwa si cheti kwamba moyo umekipenda.

Wala sukari nguru si dawa. Ina madini ya chuma kidogo, lakini ni sukari. Kila donge katika hayo 30 lina takriban gramu saba, karibu vijiko viwili vidogo vya chai. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku, na ikiwezekana 5, yaani gramu 25 hivi. Madonge matatu, basi, yametosha, na hapo hujanywa chai. Mwenye kisukari ale moja baada ya mlo, si kwa tumbo tupu. Na yule anayetaka kufunga siku za Diwali, kama baadhi ya Wajaini wafanyavyo, huku anatumia glibenklamidi au insulini, azungumze na daktari wake kabla, kwani sukari inaweza kushuka ghafla akazimia.

Kuhusu kalsiamu, mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku. Gramu 100 za wimbi zina zaidi ya 300, na simsim isiyokobolewa ina nyingi zaidi, ila sehemu kubwa ya ile ya simsim hushikwa na asidi iliyomo kwenye ganda isifyonzwe. Kuotesha wimbi kabla ya kuusaga husaidia. Tumia pia sukuma wiki na maharage, na usidhani madonge ya sikukuu yatakujengea mifupa.

Kidonge gani?

Aliyeacha maziwa kabisa atumie B12 ya kidonge: mikrogramu 50 hadi 100 kila siku, au 2,000 mara moja kwa juma. Mjamzito na anayenyonyesha wachague ya kila siku. Mwenye ganzi asijitibu. Apimwe kwanza, maana huenda akahitaji sindano.

Bibi mmoja, ambaye wajukuu wake humwita Ba, aliniuliza swali ambalo madaktari wengi hatulifikirii: "Daktari, hicho kidonge kimetoka kwa mnyama gani?" Nilimjibu kuwa B12 ya dukani hutengenezwa kwa kukuza bakteria, si kwa kumchuna mnyama. Lakini ganda laini la kapsuli aghalabu ni jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa, na vidonge vingi vikavu hujazwa laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa yale yale uliyoyaacha. Mwombe mfamasia akusomee orodha iliyo kwenye karatasi ndani ya pakiti, na umwambie unataka kidonge kisicho na jelatini wala laktosi. Vipo, na si lazima viwe ghali.