Kombe la Mtoano la Ujerumani, 2024–25

Muhula huu, mabweni yetu yalipokuwa yakishindania ngao, palizuka ubishi mkubwa. Wengine walidai ya kuwa mashindano ya mtoano si ya haki, maana timu ikishindwa mara moja tu safari yake imekwisha. Walitaka kila bweni licheze na kila bweni. Mwalimu wetu wa michezo alisema tulete hoja, tuache kelele. Basi nimeona vema kuwaeleza wasomaji habari za kombe moja la namna hiyo, nalo ni Kombe la Shirikisho la Mpira la Ujerumani, ambalo wenyewe huliita DFB-Pokal.

Kwanza tutazame hesabu yake. Timu zinazoingia ni 64. Mtu akiulizwa zitachezwa mechi ngapi mpaka apatikane bingwa, huenda akaanza kujumlisha 32, 16, 8 na kuendelea. Hakuna haja. Kila mechi hutoa timu moja, na timu zinazopaswa kutoka ni 63, kwa hiyo mechi ni 63. Ligi kuu ya nchi hiyo hiyo ina timu 18 tu, lakini mechi zake ni 306. Ndiyo sababu shule yenye uwanja mmoja na Jumamosi chache hupenda mtoano!

Timu 36 hutoka madaraja mawili ya juu, nne ni zile zilizoongoza daraja la tatu, na 24 zilizobaki hutoka katika vyama vya mikoa. Wakati wa kupiga kura ya raundi ya kwanza, timu hugawanywa katika vyungu viwili: chungu cha wakubwa na chungu cha wadogo, na mdogo ndiye mwenyeji. Hata katika raundi zifuatazo, timu ya daraja la tatu au la chini zaidi ikikutana na timu ya madaraja mawili ya juu, mkubwa ndiye anayefunga safari. Kwa maoni yangu kanuni hii ndiyo roho ya kombe lile, na wanaosema mtoano hauna haki wangeitazama kwanza.

Sasa tuone kanuni hiyo ilifanya nini. Arminia Bielefeld ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 2022 ilishuka kutoka daraja la kwanza, na mwaka 2023 ikashuka tena mpaka la tatu. Agosti 2024 iliifunga Hannover 96 ya daraja la pili mabao 2–0. Oktoba ikaifunga Union Berlin ya ligi kuu 2–0. Desemba ikaja zamu ya Freiburg, 3–1. Februari 2025 Werder Bremen nao wakarudi kwao wamefungwa 2–1. Mechi zote hizo zilichezwa Bielefeld, katika uwanja ambao watu wa mji huuita Alm.

Tarehe 1 Aprili walikuja mabingwa watetezi, Bayer Leverkusen, chini ya mwalimu Xabi Alonso. Hawa ndio waliokuwa wameitoa Bayern München kwa bao 1–0 mwezi Desemba, baada ya golikipa Manuel Neuer kutolewa nje mapema kwa kadi nyekundu. Jonathan Tah aliifungia Leverkusen dakika ya 17. Dakika tatu baadaye Marius Wörl akasawazisha, na katika dakika za nyongeza kabla ya mapumziko Maximilian Großer akatia la pili. Kipindi kizima cha pili mabingwa walisukuma, lakini wapi! Mambo yakaishia 2–1.

Watasema ni bahati. Bahati yaweza kueleza mechi moja, labda mbili. Lakini timu ya daraja la tatu iliyozifunga timu nne za ligi kuu mfululizo ilikuwa na kitu zaidi ya bahati. Kabla yake ni timu tatu tu za daraja hilo zilizopata kufika fainali: timu ya pili ya Hertha mwaka 1993, Energie Cottbus mwaka 1997 na Union Berlin mwaka 2001. Zote tatu zilishindwa.

Fainali ilichezwa Berlin tarehe 24 Mei 2025, dhidi ya Stuttgart walioitoa Leipzig 3–1. Hapo hapakuwa na mwenyeji, na tofauti ikaonekana upesi. Nick Woltemade, Enzo Millot na Deniz Undav walifunga kabla nusu saa haijatimia, na Millot akaongeza la nne dakika ya 66. Bielefeld walipata mawili dakika za 82 na 85, la pili likiwa la kujifunga la Stuttgart wenyewe. Ikawa 4–2. Stuttgart, waliomaliza wa tisa katika ligi, walipata kwa kombe hili nafasi ya kucheza Ulaya ambayo ligi iliwanyima.

Bielefeld nao walikuwa wamekwisha kutwaa ubingwa wa daraja la tatu wiki moja kabla ya fainali, wakapanda la pili. Agosti 2025 kura ya kombe jipya iliwaletea tena Werder Bremen pale pale Alm, na Bremen wakafungwa 1–0.